Sauti za Wasichana Nyumbani mwa Bwana

Kwetu Kenya, ukianzisha kwaya, wa kwanza kufika mazoezini ni akina mama na wasichana. Kwa hiyo huenda mkastaajabu kusikia ya kwamba huko Uingereza, kwa mamia ya miaka, waimbaji wa makanisa makuu walikuwa wavulana na wanaume tu. Wasichana waliketi wakasikiliza.

Nyimbo zenyewe ni za miaka ya 1500, za Palestrina wa Roma na za Tallis na Byrd wa Uingereza. Sauti nne, tano au zaidi huingia moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana habari njema. Sauti ya juu walipewa watoto wa kiume, maana wakubwa wa kanisa walilishika neno la Paulo, 1 Wakorintho 14:34, juu ya wanawake kunyamaza. Zaburi 68:25, yenye wanawali na matari yao, nadhani waliipita haraka.

Lakini hata siku zile walikuwako wanawake walioimba. Katika nyumba za watawa za Italia hapakuwa na mwanamume wa kuimba besi. Wafanyeje? Mara waliupandisha wimbo wote juu, mara sauti ya chini ilipigwa kwa kinanda. Hilo halikuwa kosa, kwa kuwa wakati ule waimbaji walianzia pale sauti zao zilipofaa. Mtawa mmoja wa San Vito, mjini Ferrara, Raffaella Aleotti, alichapisha mwaka 1593 kitabu cha nyimbo takatifu alizotunga mwenyewe, za sauti tano hadi kumi.

Mwaka 1991 kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, lilianzisha kwaya ya wasichana. Manung'uniko hayakukosekana: ati sauti safi ya mvulana itapotea! Basi wataalamu wakawasikilizisha watu kanda za wavulana na za wasichana wa kanisa kuu la Wells, bila kuwaambia ni akina nani. Karibu nusu ya mara, wasikilizaji walikosea.

Mwaka 2014 wasichana waliimba Canterbury pia. Na huko Salisbury watoto hao hugawana ibada za jioni: leo wavulana, kesho wasichana, kitabu cha nyimbo ni kile kile.