Bogenvilia: Jina la nahodha, jasho la Jeanne

Nairobi hukosi kuiona bogenvilia kwenye fensi za watu: miiba kibao, rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa. Lakini hilo jina lilitoka wapi?

Lilitokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyefunga safari ya kuizunguka dunia mwaka wa 1766. Mwaka uliofuata, meli zake zilipotia nanga Rio de Janeiro, Brazil, mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, aliliona ua hili.

Sasa skiza. Commerson alikuwa na msaidizi wa kukusanya mimea na kubeba mizigo. Kumbe "kijana" huyo ni mwanamke, Jeanne Baret! Alivaa kiume kwa sababu jeshi la majini la Ufaransa lilikataza wanawake melini. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Nahodha akapewa ua. Jeanne je? Ilibidi ifike 2012 ndipo mmea wa jamii moja na nyanya na viazi ukaitwa kwa jina lake, Solanum baretiae.

Na hizo rangi unazopigia picha si ua, ni majani tu. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe, limejificha katikati.