Chanda chema chakosa pete

Katika mahafali ya vyuo vikuu vyetu, majina ya waliofuzu kwa heshima ya daraja la kwanza husomwa mbele ya wazazi, na vigelegele vikapaa. Mhadhiri aliyewaongoza huketi katika joho lake akipiga makofi kama mgeni mwalikwa. Jina lake halisomwi.

Nimelitafakari jambo hili kwa kukifikiria Chuo Kikuu cha Taita Taveta, jirani yetu hapa Voi. Kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kikapata hati yake mwaka 2016. Hufundisha uhandisi wa migodi, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa hii ndiyo nchi ya tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo. Wachimbaji wetu wadogo wangali wakikisaka kwa sururu na nyundo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akitaka kuchunguza namna ya kuzuia mashimo hayo yasiporomoke, kitabu pekee hakimtoshi. Anahitaji mtu wa kwenda naye shimoni, wa kumrudishia rasimu ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu, na wa kumwambia kwa upole kwamba hesabu zake ni nzuri ila swali lake ni baya.

Kazi hiyo hula jioni nzima. Tena humgharimu mhadhiri kijana pale anapotaka kupanda cheo. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 ulipima makala zilizochapishwa kwa alama, ilhali kufundisha kulihesabiwa zaidi kwa miaka. Basi mwenye busara ya dunia hufunga mlango wa ofisi akaandika makala yake. Nani atamlaumu?

Wapo watakaonikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wataongeza kwamba tukiwaachia wanafunzi kuwatuza walimu, atakayeshinda ni mgawaji wa alama za bure. Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Dawa yake ni kutomwuliza mwanafunzi akiwa bado darasani. Aulizwe miaka mitatu baada ya kufuzu, alama zikiwa hazina tena cha kumpa wala cha kumnyima: ni nani aliyekufanya uwe ulivyo? Majibu yakusanywe na idara, majina yachapishwe katika kijitabu cha mahafali, na yawekwe mezani kamati ya vyeo inapoketi.

Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, Nakuru, alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani pamoja na dola milioni 1. Tulishangilia sana, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini tuzo ile ilitolewa Dubai. Hapa kwetu kijitabu cha mahafali huchapishwa kila mwaka, na kuongeza ukurasa mmoja wa majina hakungoji mfadhili wala kibali cha wizara.