Kompyuta Yako Inakataa Kuzimika?

Akina mama wengi siku hizi tuna kompyuta nyumbani. Watoto wanaifanyia kazi za shule, baba anaandikia barua zake, nasi tunaweka humo hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Usiku, kazi ikiisha, tunabonyeza palipoandikwa "Shut down". Skrini inakuwa nyeusi, tunageuka kwenda kulala. Kabla hatujafika mlangoni, kompyuta imewaka tena yenyewe!

Mara nyingi anayeshukiwa kwanza ni mtoto aliyekuwa akicheza gemu mchana. Akishakemewa, baba anachomoa waya ukutani. Asubuhi kompyuta inapelekwa kwa fundi, naye anasema ni lazima "apige Windows" upya. Mtoto ameonewa, fedha zimetoka, na pengine hesabu za kikundi zimefutika. Haya yote yanaweza kuepukwa, maana tatizo hili mara nyingi lina sababu ndogo ambayo mama mwenyewe anaweza kuitafuta.

Kuzima ni amri

Enzi za Windows 95, kompyuta nyingi zilimaliza kazi zake kisha zikaandika kwenye skrini kwamba sasa ni salama kuzima, na mtu mwenyewe akabonyeza swichi. Baadaye ulienea mtindo wa ATX, ulioletwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na tangu hapo kompyuta hujikatia umeme yenyewe. Tunapobonyeza "Shut down" tunatoa amri tu. Kompyuta hufunga programu moja moja, huhifadhi yaliyobaki kwenye diski, hupumzisha vifaa vyake, kisha hukata umeme.

Kosa kubwa likitokea katikati ya safari hiyo, kwa kawaida Windows huwa imepangwa kuwaka upya yenyewe. Ndiyo maana mashine uliyoiambia izimike unaiona ikiwaka tena. Imekwama njiani.

Tuanze na maswali

Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza ugonjwa ulianza lini na ulianzaje. Kwa kompyuta pia tufanye hivyo. Tatizo lilianza siku gani? Je, siku hizo iliunganishwa printa mpya, au iliwekwa programu mpya? Je, umeme ulikatika ghafla? Andika majibu kwenye daftari. Kisha nakili hesabu, picha na barua zako kwenye flashi kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Baada ya hapo fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine, ukijaribu kuzima kila unapomaliza moja. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni dawa ipi iliyoponya.

1. Subiri masasisho yaishe. Ikiwa umebonyeza "Update and shut down", kompyuta inaweza kuwaka upya katikati ya kazi ili ikamilishe masasisho, ndipo izimike. Iache imalize. Kwa miaka mingi watu walilalamika kwamba baada ya masasisho hayo kompyuta ilibaki imewaka. Microsoft ilitoa rekebisho la Windows 11 mwishoni mwa mwaka 2025, kwa hiyo hakikisha mashine yako imepata masasisho yote. Kama bado unatumia Windows 10, ujue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

2. Chomoa vifaa vya nje. Ondoa printa, flashi, modemu, kipanya na waya wa intaneti, kisha uzime. Vifaa vingine vina uwezo wa kuiamsha kompyuta. Ikizimika vizuri, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi.

3. Zima huku umeshika kitufe cha "Shift". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango uitwao "Fast startup". Kompyuta haimalizi kuzimika kabisa, bali huhifadhi sehemu ya kumbukumbu zake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukishika "Shift" wakati unabonyeza "Shut down", inazimika kikamilifu. Ikikubali kwa njia hiyo, mpango huo ndio wa kushukiwa. Fungua "Control Panel", kisha "Power Options", kisha "Choose what the power buttons do". Bonyeza "Change settings that are currently unavailable", ondoa alama ya vema kwenye "Turn on fast startup", halafu "Save changes".

4. Iache ikuonyeshe kosa lake. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, kisha "Enter". Chagua "Advanced", halafu "Settings" iliyo chini ya "Startup and Recovery". Ondoa alama ya vema kwenye "Automatically restart". Safari nyingine kosa likitokea, skrini ya buluu, au nyeusi katika Windows 11 za karibuni, itabaki mbele yako. Nakili maneno yote yaliyoandikwa hapo. Mara nyingi chanzo ni draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani, na dawa yake ni kuweka iliyo mpya.

5. Kagua kitufe cha kuwashia. Vumbi au juisi iliyomwagika inaweza kukifanya kinate. Kikibaki kimebonyea, kompyuta hudhani kuna mtu anaiwasha.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Kama hatua zote zimeshindikana, huenda ugonjwa uko kwenye mfumo wa umeme wa kompyuta au ndani ya mashine, na hapo ni kazi ya fundi. Nenda na daftari lako. Mweleze lini ilianza, umejaribu nini, na skrini iliandika nini. Akisema anataka kupiga Windows upya, mwulize kwanza sababu yake, na usikubali mpaka uhakikishe vitu vyako vimenakiliwa na flashi unayo mkononi.

Wakati huo huo, tusichomoe waya kompyuta ikiwa inafanya kazi, maana mafaili yanaweza kuharibika. Ikikataa kabisa, shika kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde kumi hivi mpaka taa zizimike. Hiyo iwe njia ya mwisho. Na ile kompyuta ya kubeba isiingizwe kwenye mkoba kabla taa zake hazijazimika. Ikiwaka humo ndani hukosa hewa, hupata joto kali, na betri huisha.

Mama mpendwa, wafundishe na watoto kusubiri taa zizimike ndipo waondoke mezani. Na safari nyingine kompyuta ikijiwasha usiku, usimwamshe mtoto umwulize aligusa nini. Chukua daftari, anza na swali la kwanza.