Mikoko na Mwamba (3): Kijiwe Kichwani mwa Changu

Juma lililopita tuliishia ukingoni mwa mikoko ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, maji ya bamvua yakijaa na samaki wadogo wakiingia nayo msituni. Je, hao ndio wanaokuja kuvuliwa mwambani wakishakua? Wavuvi wengi watajibu ndiyo bila kusita. Lakini hakuna awezaye kumfuata samaki mmoja tangu akiwa sawa na kidole hadi atoshe sahani. Ikabidi ushahidi utafutwe ndani ya samaki mwenyewe.

Pasua kichwa cha changu, nyuma ya macho, utakuta vijiwe viwili vyeupe. Mpenzi wa supu ya kichwa ameshaving'ata. Ni vijiwe vya sikio, vinavyomsaidia samaki kusikia na kujiweka sawa majini. Kila siku utando mwembamba wa chokaa huongezeka juu ya ule wa jana, na uliokwisha kuganda haufutiki. Chokaa hiyo hubeba alama ya maji na chakula cha mahali samaki alipokuwa, na kaboni ya mikokoni haifanani na ya mwambani. Basi katikati ya kijiwe pameandikwa utoto, ukingoni utu uzima.

Watafiti walivisoma vijiwe hivyo nchini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Kati ya changu doa wakubwa waliovuliwa mwambani, asilimia 82 walikulia kwingine: 53 kwenye nyasi za baharini, 29 mikokoni. Kuna na yule mwenye doa jeusi ubavuni na mapezi ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Lutjanus fulviflamma. Waliovuliwa kwenye miamba ya mbali, asilimia 99 walikuwa wamepitia mikokoni utotoni. Asilimia 99! Mvuvi anayemtupia ndoana huko nje huenda hajakanyaga tope la mikoko maishani mwake, lakini riziki yake imelelewa humo.

Si samaki wote, na tusiipambe mikoko kwa sifa isiyo yake. Ndugu mmoja wa changu doa, Lethrinus lentjan, kwa sehemu kubwa alionekana kukulia mwambani penyewe.

Wanaoingia mikokoni hufuata kivuli, maji ya tope na mizizi iliyosongamana, ambamo chewa mkubwa hapenyi. Ila mikoko yetu si kama ya visiwa vya Karibi, ambako bahari hupanda na kushuka kidogo tu na mizizi haikauki. Kwetu, siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakitoka, msitu mzima hubaki tope na kaa, na kila samaki mdogo hana budi kutoka, mara mbili kwa siku, ashuke mkondoni hadi kwenye nyasi, kisha arudi. Ndiyo sababu wataalamu walikawia kuamini kwamba mikoko ya huku nayo hulea samaki wa mwambani, kama ilivyothibitishwa Karibi.

Kwa hiyo kuhesabu miti iliyokatwa boriti hakutoshi. Ulizeni pia nani anavuta kokoro mdomoni mwa mkondo maji yanapopwa, kwa kuwa samaki wale hawana njia nyingine ya kupita. Nimewaona ndooni: urefu wa kidole cha shahada, na doa ubavuni limeshatokea.