Je, Wajua? Pasaka ya Waanglikana katika Vilima vya Manyovu

Je, wajua kwamba Pasaka hufika Manyovu, mkoani Kigoma, saa nzima kabla ya kufika Burundi, na mpaka wenyewe uko hapo hapo? Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki, Burundi inafuata saa za Afrika ya Kati. Saa sita ya usiku wa Jumamosi Kuu ikitimia Manyovu, upande wa pili, Mugina, bado ni saa tano. Anayetoka huku asubuhi kwenda kusali na shemeji zake ng'ambo ana saa moja ya ziada mkononi. Anayetoka kule akaisahau tofauti hiyo hukuta kwaya ya kwanza imeshaimba na mahubiri yamefika katikati.

Je, wajua kwamba jua la Pasaka huchelewa huku? Nchi nzima inatumia saa zilezile, lakini Kigoma iko magharibi kabisa. Mwanzoni mwa Aprili jua huchomoza Dar es Salaam karibu saa 12:25 asubuhi, na Manyovu huchomoza saa moja hivi, tofauti ya karibu dakika 38. Kwa hiyo ibada ya alfajiri ikipangwa saa 12 kamili, watu hufika gizani kweli kweli: tochi ya simu mkono mmoja, viatu vya kanisani mkono wa pili, kwa sababu njia ni matope ya masika na miguu itaoshwa mlangoni. Yohana anaeleza katika Injili yake kwamba Mariamu Magdalene alikwenda kaburini kabla hakujapambazuka. Waumini wa Manyovu huisikia habari hiyo wakiwa wametoka kutembea katika giza la namna ileile.

Kengele inayowaamsha mara nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma. Milima hii inazidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sauti ya rimu huvuka bonde bila shida.

Je, wajua tarehe ya Pasaka hupatikanaje? Baraza la Nikea la mwaka 325 lilitaka makanisa yote yaadhimishe siku moja. Kanuni iliyokuja kutumika ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Kwa hesabu hiyo Pasaka haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Tarehe hiyo ya mwisho kabisa ilipatikana mara ya mwisho mwaka 1943, na itarudi mwaka 2038.

Ndiyo maana mwezi mpevu huangukia katika Wiki Takatifu yenyewe, kati ya Jumapili ya Mitende na Jumamosi Kuu. Wanakwaya wanaotoka mazoezini usiku hurudi nyumbani kwa mbalamwezi, mawingu yakiwaruhusu.

Je, wajua kwamba mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza karibu siku moja? Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na mfungo wa Waislamu ukaanza siku zilezile. Katika mkoa wenye Ujiji ndani yake, ambako Uislamu ni wa zamani kuliko kanisa lolote, majirani wengi walifunga pamoja bila kupanga.

Na Ijumaa Kuu? Sikiliza vilima hivi siku hiyo. Adhuhuri Waislamu wako kwenye sala ya Ijumaa. Saa zilezile, kati ya saa sita na saa tisa mchana, makanisa ya Kianglikana hukaa na habari za msalaba: masomo, ukimya, mahubiri mafupi mafupi juu ya maneno saba ya Yesu msalabani. Jua likizama, muda mfupi baada ya saa moja jioni, Waadventista wanaingia Sabato yao. Nao ni wengi, kwa kuwa hospitali yao ya Heri iko wilaya hiihii ya Buhigwe. Ndani ya siku moja kijiji kimoja kimesali mara tatu, na mwenye duka aliyefunga kwa ajili ya sala yake ananunua chumvi kwa jirani ambaye zamu yake haijafika.

Je, wajua kwamba Kitabu cha Sala cha Uingereza cha mwaka 1662 kilielekeza kila mwumini wa Kianglikana ashiriki Meza ya Bwana angalau mara tatu kwa mwaka, na mojawapo lazima iwe Pasaka? Agizo hilo lilipoandikwa hakuna aliyeifikiria parishi ya milimani Kigoma, lakini ni hapa ndipo uzito wake unapoonekana. Parishi moja huwa na makanisa madogo kadhaa, yanayoitwa mitaa, na kila mtaa una katekista wake. Katekista anaongoza sala, anahubiri, anafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, anakesha na wafiwa. Mara nyingi posho yake ni ndogo sana au haipo kabisa, na bado Jumapili hadi Jumapili kanisa linafunguliwa. Lakini kuuweka wakfu mkate na divai ni kazi ya kasisi, na mchungaji wa parishi ni mmoja.

Kwa hiyo Pasaka huendeshwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mchungaji anadandia pikipiki alfajiri, kanzu na vyombo vya ushirika ndani ya mfuko wa nailoni kuvikinga na mvua, anaanzia mtaa wa mbali na kurudi mlima kwa mlima hadi jioni. Ya pili, mitaa yote inafunga milango na kuhamia kanisa la parishi. Mimi naipenda hii ya pili. Kila mtaa unakuja na kwaya yake, kila kwaya na sare yake ya kitenge, na hakuna kwaya inayokubali kuimba wimbo mmoja tu. Benchi hazitoshi, watoto wanakaa mikekani mbele, vijana wanajaza madirisha kwa nje, wazee wanapishwa. Ibada inaweza kuvuka muda wa saa nne, na sijawahi kumwona mtu wa Manyovu akiitazama saa yake siku hiyo. Foleni ya kwenda mezani huwa ndefu kuliko Jumapili yoyote nyingine ya mwaka, na waliomo ni pamoja na mama waliotembea tangu usiku kwa ajili ya kipande kimoja cha mkate.

Baada ya baraka, usiondoke. Sadaka ya Pasaka si ya noti tu: kuna mkungu wa ndizi, debe la maharage, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Vyote vinanadiwa nje ya mlango. Mzee wa kanisa ananyanyua jogoo, anataja bei ya kuanzia, mtu anaongeza, mwingine anaongeza juu yake. Anayeshinda analipa, halafu anasema: rudisheni mezani, auzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu, na mnunuzi wa mwisho akaagiza apelekwe kwa mama mjane aliyekaa benchi ya nyuma. Mabati mengi ya makanisa ya vijijini yamenunuliwa kwa fedha za minada ya namna hii.

Je, wajua kwamba zamani askofu wa Waanglikana wa huku alikaa Dodoma? Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, nayo ilifika hadi Ziwa Tanganyika. Kutoka Dodoma hadi Kigoma kwa reli ya kati ni karibu kilomita 800, na kupanda Kasulu kulihitaji safari nyingine. Kipaimara kilisubiri mwenye kuwekea watu mikono afike.

Mwaka 1966 ikazaliwa Dayosisi ya Western Tanganyika, makao yake Kasulu, na askofu wake wa kwanza akawa Musa Kahurananga. Mwaka 1979 Kahurananga akawa Askofu Mkuu wa Tanzania hadi 1983. Na kwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania hubaki na dayosisi yake, kwa miaka hiyo kiongozi wa Waanglikana wa nchi nzima alikuwa mtu wa Kasulu. Watu wa Buha, nchi ya Waha hapa Kigoma, wana haki ya kulisema hili kwa sauti kubwa kuliko wanavyolisema. Leo Kibondo nayo ina dayosisi yake.

Je, wajua kwa nini Mwanglikana wa Manyovu akienda Pasaka Zanzibar au Masasi huweza kudhani ameingia kanisa jingine? Huko injili ililetwa na wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), waliopenda ubani, mishumaa na maandamano ya kanisani. Huku ilikuja kwa mkono wa CMS (Church Missionary Society), ambao mkazo wao ulikuwa Biblia, mahubiri na ushuhuda wa mtu mwenyewe. Tangu 1970 wote wamo katika jimbo moja la Tanzania, na miaka ya 1990 walipata kitabu cha sala cha pamoja cha Kiswahili. Ubani haujafika kila mahali. Lakini mchungaji akitamka "Kristo amefufuka!", jibu ni lile lile pwani na milimani: "Kweli amefufuka!"

Je, wajua kwamba sauti ya Pasaka ya huku ina deni kwa Rwanda? Miaka ya 1930 uamsho ulianza katika misheni ya CMS ya Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama kwa kutaja kosa lenyewe, wakarudisha walichoiba, wakapatana na jirani waliyemnunia. Wimbo wao, "Tukutendereza", ni wa Kiganda, na Waha wanauimba kwa moyo bila kujua Kiganda kingine chochote. Salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" inayotangulia kila tangazo na kila ushuhuda ilisambaa nao.

Ng'ambo ya mpaka, Waanglikana wa Burundi walipata misheni zao za Buhiga na Matana mwaka 1935. Jimbo lao la kujitegemea ni la 1992, na Dayosisi ya Makamba, jirani wa Manyovu, ni ya 1997. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, kwa hiyo kwaya ya Makamba ikialikwa huku hakuna anayetafuta mkalimani.

Je, wajua kwamba ujirani huo umepimwa kwa mambo mazito kuliko kwaya? Pasaka ya 2015 iliangukia 5 Aprili. Wiki tatu baadaye, 26 Aprili, maandamano yalianza Bujumbura kupinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na kufikia mwisho wa mwaka Warundi zaidi ya 100,000 walikuwa wamekimbilia Tanzania. Wengine walifika kupitia Kagunga, kando ya ziwa, wengine kupitia Manyovu. Pasaka iliyofuata, 27 Machi 2016, iliwakuta katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilikuwapo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na Waanglikana miongoni mwao walikuwa wameshajenga makanisa yao humo, wakisali kwa Kiswahili cha kwao. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba na pengine ndugu alisimama katika kanisa la wakimbizi wenzake akaitikia "Kweli amefufuka!" Sijui mahubiri yenye nguvu kuliko itikio hilo.

Je, wajua kwamba picha za Pasaka zinazotoka Ulaya, za maua yanayochipua baada ya baridi, hazina kazi huku? Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Pasaka hukuta vilima vyote kijani, maharage ya msimu wa pili shambani, mito imejaa. Chakula cha siku hiyo ni kuku au nyama kwa aliyejaliwa, pilau kwa watoto, na ugali wa muhogo ambao mzee hakubali ukosekane. Migebuka hutoka ziwani, kilomita 60 hivi kwa lami kutoka Kigoma mjini, na hupikwa kwa mawese.

Parishi nyingi hazifungi ndoa wakati wa Kwaresima. Matokeo yake Jumatatu ya Pasaka, ambayo Tanzania ni sikukuu ya taifa, na Jumamosi zinazofuata hugombewa na maharusi. Mwenye spika za kukodisha huulizwa tarehe tangu Februari.

Na je, wajua kwamba Pasaka haiishi Jumatatu? Kwa kalenda ya kanisa ni siku 50, hadi Pentekoste. Kwaresima ina siku 40 bila kuhesabu Jumapili, yaani furaha imepewa muda mrefu kuliko mfungo. Ningetamani parishi zetu ziutumie muda huo wote, maana kwaya zikishapumzika wiki ya kwanza watu hurudi kwenye majembe kama vile sherehe imefungwa.

Kwa wenye kwao Manyovu walioko Dar, Mwanza na Dodoma, tarehe zinazokuja ni hizi: 28 Machi 2027, 16 Aprili 2028, 1 Aprili 2029, 21 Aprili 2030. Tiketi za basi kateni mapema, na vitenge vya sare vitumwe kabla ya Jumapili ya Mitende, fundi apate muda wa kushona.