Miaka Kati ya Kirusi na Saratani

Saratani ya mlango wa kizazi haizuki ghafla. Hutanguliwa na maambukizi ya HPV, virusi vinavyoenea kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri. Wengi wetu tuliowahi kujamiiana tumekutana navyo, na mara nyingi mwili huvimaliza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo mama akiambiwa anavyo, asinyooshewe kidole.

Shida ni pale vinapong'ang'ania. Aina zake zinazidi 200, ila mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Kinahitaji seli inayogawanyika. Basi hutengeneza protini mbili za kuzima zile za mwili zenye kazi ya kuzuia seli isigawanyike ovyo, na kuiua ikiwa vinasaba vyake vimeharibika. Seli huendelea kugawanyika, na makosa hulundikana mwaka hadi mwaka.

Kabla haya hayajajulikana, wengi walishuku virusi vya malengelenge. Mwaka 1983 na 1984 watafiti nchini Ujerumani walitangaza kuvipata vinasaba vya aina hizo mbili za HPV ndani ya uvimbe wenyewe. Ugunduzi huo ndio uliozaa chanjo, iliyoidhinishwa mara ya kwanza mwaka 2006. Ina ganda tupu la kirusi, bila vinasaba, hivyo haiwezi kuambukiza.

Kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuwa 5 hadi 10. Inaniuma kuona wanawake wakifika hospitali damu imeshaanza kutoka, ilhali miaka yote hiyo ya kupimwa ilikuwepo. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi hupaka siki nyepesi kwa pamba, husubiri kama dakika moja, kisha humulika kwa taa. Palipoanza kubadilika hutokea doa jeupe. Doa si saratani, na mara nyingi hugandishwa au kuunguzwa papo hapo, mama akarudi nyumbani. Kipimo hiki huweza kukosea, na baada ya kukoma hedhi hakifai sana. Hapo hutafutwa kirusi chenyewe.

Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba hata dozi moja inakinga vizuri sana, na tangu 2024 Tanzania hutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wanaohofia kwamba chanjo inafunga kizazi wajue kwamba kinachoondoa kizazi ni saratani, pale daktari anapolazimika kukikata. Chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia, wala haikingi aina zote. Binti aliyechanjwa akifika umri wa kupimwa, naye apimwe.