Mwindaji Mwenye Leseni: Je, Ni Adui au Mlinzi wa Wanyama?

Watu wengi wa Kibera na Kawangware wakisikia habari za kuhifadhi wanyama wa mwitu hudhani kwamba hayo ni mambo ya watalii na ya watu wakaao mbugani. Lakini hata majina ya mahali wanapokaa yana ukumbusho wa pori. Kibra ni neno la Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, na maana yake ni msitu. Kawangware nako, husemwa kwamba jina limetokana na ngware, ndiye kwale kwa Kikikuyu. Tena Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya, haiko mbali na Kibera. Kwa hiyo yafaa kila mtu alielewe swali hili: je, mtu auaye mnyama kwa bunduki aweza kuwa mlinzi wake?

LESENI ILIVYOTUMIKA ZAMANI

Kwanza tutenganishe watu wawili. Jangili huua kwa siri, mara nyingi kwa mtego wa waya. Waya hauchagui, humnasa jike mwenye mimba sawasawa na dume zee. Mwindaji wa leseni alikuwa mtu mwingine. Alilipa ada kabla ya kwenda porini, akaandikiwa aina ya wanyama na hesabu yao, akapangiwa eneo lake. Kupiga risasi kutoka ndani ya motokaa kulikatazwa. Mnyama mkubwa kama ndovu alihitaji leseni ya peke yake, yenye ada kubwa zaidi.

Fedha hizo ziliisaidia Serikali, na baadhi yake zilifika katika mabaraza ya wilaya. Hivyo mwananchi aliyeharibiwa shamba na wanyama aliweza kuona kwamba wanyama hao wana faida pia. Zaidi ya hayo, wawindaji walikuwa macho ya Bwana Nyama mahali ambapo askari wake hawakufika.

MARUFUKU YA MWAKA 1977

Hata hivyo biashara ya pembe ilizidi nguvu. Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe, na sheria ya mwaka 2013 yauhesabu kuwa kosa.

Je, marufuku yaliwaokoa wanyama? Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 hivi. Mwaka 1989 walibaki 16,000 hivi. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu 1977 wanyama wa mwitu katika nchi za malisho za Kenya walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 hivi. Wanaoupenda uwindaji husema: tazameni, mwananchi akikosa faida huacha kuwatunza wanyama. Lakini wengine hujibu kwamba watu na mifugo wameongezeka, nyua zimejengwa, na mvua imepungua.

Tanzania haikudumu katika njia hiyo. Huko uwindaji wa leseni ulisimamishwa mwaka 1973, kisha ukaruhusiwa tena mwaka 1978. Lakini katika Pori la Akiba la Selous, lililojulikana sana kwa uwindaji wa leseni, ndovu walipungua kutoka 109,000 hivi mwaka 1976 hadi 13,000 hivi mwaka 2013, kwa sababu ya majangili.

Basi ni wazi kwamba leseni peke yake si ngao, wala marufuku peke yake si ngao. Mnyama huokoka pale penye askari waaminifu, nchi ya kutosha ya malisho, na majirani wanaopata haki yao katika faida.

KAZI YA MTU WA MJINI

Mtu wa Kibera au Kawangware hana bunduki wala leseni, lakini ana fedha za kununulia nyama. Mtego wa waya hautegwi bure. Hutegwa kwa kuwa yuko mnunuzi. Katika Kenya kuuza nyama ya mwitu ni kosa. Tena nyama isiyopimwa yaweza kuleta maradhi kama kimeta. Mnunuzi na autazame mhuri wa mkaguzi kabla ya kulipa. Na nyama ikiuzwa rahisi kupita kiasi, gizani na bila mhuri, aiache. Jangili asiyepata mnunuzi huacha kutega.